Damu Kabla ya Dawa

Katika mambo ambayo umma wetu umeyazoea hata hauyaoni tena kuwa ni aibu, mojawapo ni hili: kwamba mtoto aweza kuingizwa wodini na homa kali, akatundikiwa dripu, akachomwa sindano za dawa mbili tatu, akapona au akafa, na katika yote hayo pasiwe na mtu aliyepata kujua kwa yakini alikuwa na maradhi gani. Faili lake litakuwa na jina la ugonjwa, kwa kuwa faili halina budi kuwa nalo. Na jina hilo litahamishiwa katika daftari la wodi, na kutoka daftarini litapanda mwisho wa mwezi mpaka wilayani, mkoani na wizarani, likijumlishwa na majina ya watoto wengine waliokadiriwa kama yeye, hata lifikapo juu limekwisha kuvaa joho la takwimu na hapana athubutuye kuuliza lilizaliwa wapi. Lilizaliwa saa nane ya usiku, kwa tabibu aliyechoka, asiye na maabara iliyo wazi, aliyeweka mkono juu ya paji la uso la mtoto akakisia.

Sikusudii kumtia hatiani tabibu huyo, kwa maana kazi aliyoachiwa ingemshinda hata aliye hodari kuliko yeye. Mwili wa mtoto mdogo una maneno machache: homa, pumzi za haraka, kulegea, kukataa kunyonya, degedege, na maradhi yote makubwa husema kwa maneno hayo hayo. Pumzi za haraka zaweza kuwa za nimonia, kwa kuwa mapafu yamejaa. Na zaweza kuwa za malaria kali, ambayo huitia damu tindikali hata mtoto akahema kwa kina ili aipunguze, ilhali mapafu yake ni mazima. Degedege laweza kuletwa na malaria iliyopanda kichwani, au na homa ya uti wa mgongo, au na joto tu la mafua ambayo yangeondoka yenyewe. Mwenye kuwatazama watoto wawili wa namna hii wamelazwa kitanda kimoja, kama walazwavyo mara nyingi, hawezi kuapa yupi ana lipi.

Kiasi cha kukosea kwetu kimekwisha kupimwa, na matokeo yake hayafichiki. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba, katika wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali, wasiotimia nusu ndio waliokuwa na vimelea vya malaria katika damu. Na lililo zito zaidi ni kwamba miongoni mwa wasiokuwa na vimelea walikufa asilimia 12.1, hali miongoni mwa wenye malaria ya kweli walikufa asilimia 6.9. Wenye malaria walipata dawa yao. Wengi katika wale wengine walipata dawa ya wenzao. Kule Moshi nako, baina ya mwaka 2007 na 2008, walipimwa kwa makini wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto: matabibu walikuwa wamedhani malaria kwa asilimia 60.7, na ilipotafutwa malaria yenyewe ilipatikana kuwa ndiyo sababu ya homa kwa asilimia 1.6. Katika waliobaki zilionekana bakteria za damuni, homa ya Q, brusela, chikungunya na homa ya mgunda, maradhi ambayo aghalabu hayamo hata katika fikra za anayempokea mgonjwa. Wengi wetu jina la homa ya mgunda tulilisikia kwanza mwaka 2022, ilipozuka Ruangwa mkoani Lindi, watu wakatokwa na damu puani na uvumi ukatangulia mbele mpaka maabara iliponena. Kumbe miaka zaidi ya kumi kabla yake ilikuwa imekwisha kuonekana Kilimanjaro, katika damu ya wagonjwa waliodhaniwa wana malaria.

Asili ya mazoea haya haikuwa ujinga, na ni insafu kulisema hilo. Alphonse Laveran, tabibu wa jeshi la Ufaransa, alikiona kimelea cha malaria kwa hadubini yake kule Constantine, Aljeria, mwaka 1880. Na tangu hapo ugonjwa huu umekuwa na kipimo chake kwa yeyote mwenye kioo, rangi na macho ya subira. Lakini hadubini zilikuwa za kuhesabika, watoto walikuwa wengi, na dawa ilikuwa rahisi; hivyo kwa miaka mingi mwongozo katika nchi zenye malaria nyingi ulikuwa kwamba kila mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa atibiwe malaria bila kungoja kipimo. Kwa zama zile ulikuwa mwongozo wa hekima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadili shauri, likaagiza kwamba homa ipimwe kwanza. Na kipimo cha haraka, kile kijipande cha plastiki chenye mistari, kikaenea hata katika zahanati zilizo mwisho wa barabara. Faida yake ni kubwa. Walakini kipimo hicho hunusa protini ya kimelea, na protini hiyo hubakia katika damu kwa wiki kadhaa baada ya kimelea kufa, hata mtoto aliyepona malaria mwezi uliopita aweza leo kuonyesha mistari miwili huku anauawa na kitu kingine. Tena kikisema hapana, husema hapana tu. Hakimwambii tabibu aelekee wapi. Matokeo yake twayajua sote: pahala pa malaria pakakaliwa na taifodi, ambayo hutangazwa kwa kipimo cha Widal, kipimo cha karne ya 19, ambacho humtaja kuwa mgonjwa hata mtu aliyekutana na vijidudu hivyo au jamaa zao zamani na akapona. Nchi nzima ina taifodi ya karatasi.

Sasa na tutazame Kilifi, mji ulio kando ya mkono wa bahari baina ya Mombasa na Malindi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kwa kushirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza, ilianzisha kituo chake mwaka 1989 ubavuni mwa hospitali ya wilaya. Tangu tarehe 1 Agosti 1998 waliweka kanuni ambayo kwa maneno ni nyepesi na kwa vitendo ni nzito: kila mtoto alazwaye atolewe damu ioteshwe, yaani ifanyiwe kalcha kama wasemavyo watu wa maabara, awe anadhaniwa ana malaria, nimonia au utapiamlo.

Kazi yenyewe yastahili kuangaliwa kwa karibu. Muuguzi humfunga mtoto mpira juu ya kiwiko, akaisugua ngozi kwa spiriti na kuiacha ikauke, kwa kuwa haraka ya nukta chache hapo huingiza vijidudu vya ngozi ndani ya chupa na kuiharibu kazi yote ya mbele. Huvuta damu ya mililita 1 hadi 3, isiyotimia kijiko cha chai, na kuidunga katika chupa yenye mchuzi wa kuwalisha bakteria. Chupa hutiwa katika mashine yenye joto la mwili, nyuzi 37, nayo huitikisa na kuichungulia mchana na usiku. Bakteria wakiwamo watakula, wakila watatoa hewa ya kaboni, na mashine ikiihisi hewa hiyo huwasha taa. Hapo fundi wa maabara hutoa tone, akalipaka juu ya kioo, akalitia rangi kwa kanuni aliyoitangaza tabibu wa Denmark, Hans Christian Gram, mwaka 1884: walioshika zambarau ni kundi moja, waliogeuka wekundu ni kundi jingine, na kwa habari hiyo tu, kabla ya jina kamili kujulikana, simu hupigwa wodini. Kisha huwaotesha juu ya sahani za agari, akapanga juu yake vidonge vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali, na kesho yake huzitazama sahani: palipo na duara tupu kukizunguka kidonge, dawa ile yafaa, pasipo na duara, mtoto yule alikuwa akidungwa maji.

Katika miaka minne ya kwanza ya kazi hiyo ilibainika kwamba karibu mtoto mmoja katika kila 8 wenye umri wa chini ya siku 60, yaani asilimia 12.8, alikuwa na bakteria katika damu; na kwa waliozidi umri huo walikuwa asilimia 5.9. Katika vifo vyote vya watoto wodini, asilimia 26 vilikuwa vya wenye bakteria waliotoka nao nyumbani. Fikiri, ewe msomaji: robo ya majeneza, na kwa hospitali isiyo na chupa zile ugonjwa huo ungekuwa haupo.

Atasimama mpinzani aseme, na ana haki ya kusikilizwa, kwamba katika watoto wa Kilifi waliokufa na bakteria damuni, theluthi moja walikufa siku ile ile waliyolazwa, na 7 katika kila 10 walikufa ndani ya siku mbili. Maadam chupa yataka siku moja au zaidi kabla ya kuwasha taa, yamfaa nini maiti? Nami nakiri kwamba wengi katika wale haikuwafaa kitu. Ndiyo maana hakuna mwenye akili asemaye kwamba dawa ingoje chupa. Mtoto mwenye dalili za hatari apewe viuavijasumu saa ile ile, kwa dhana, kwa kuwa yakini itachelewa. Lakini damu itangulie dawa, hata kama ni kwa dakika tano, kwa sababu sindano ya kwanza ikishaingia huwaua au huwadhoofisha bakteria walio damuni, na chupa itakayojazwa baada yake yaweza kukaa kimya siku zote tano za kungojewa na kutudanganya kwamba hapakuwa na kitu. Wangapi katika watoto wetu hufika hospitali wamekwisha kumezeshwa nusu dozi kutoka duka la dawa la mtaani, sitaki kukadiria. Na wao pia chupa zao hunyamaza. Na ile dhana ya saa ya kwanza inatoka wapi, kama si katika chupa za watoto waliotangulia? Anayejua kwamba katika wodi yake vichanga hushambuliwa zaidi na ikolai, na wakubwa kidogo na nimokokasi na salmonela, atakisia vizuri kuliko asiyejua. Hapo ndipo tiba ya mtoto mmoja na hesabu ya watoto wote huwa kazi moja, na mwenye kuzitenganisha, akaipa ya kwanza fedha na ya pili akaiachia makarani, ameziharibu zote mbili.

Kilifi ilitufunza na jambo jingine, ambalo mimi naliona kuwa ndilo la ajabu kuliko yote. Tulizoea kuyafikiri malaria na bakteria kama mahasimu wawili wa kuchagua mmoja: ikiwa hiki, basi si kile. Lakini kituo kile kilikuwa kimeyasajili pia maboma na watu wa eneo linaloizunguka hospitali, tangu mwaka 2000, na kwa hiyo kiliweza kuhesabu wagonjwa dhidi ya watoto wote walioko, si dhidi ya vitanda tu. Malaria ilipopungua, kulazwa kwa ajili yake kukishuka kutoka watoto 28.5 kwa kila 1000 kwa mwaka 1999 hadi 3.45 mwaka 2007, ugonjwa wa bakteria damuni nao ukashuka karibu kwa nusu, ingawa hapana aliyeupiga vita kwa jina. Watoto waliorithi jeni moja ya seli mundu, ambayo huwakinga na malaria, walionekana wamekingwa na bakteria pia wakati malaria ilipokuwa nyingi. Dhahiri basi malaria huwafungulia bakteria mlango. Na tabibu aliyeona vimelea kwenye kioo akafunga faili, ameacha swali la pili bila kuliuliza.

Tena chanjo. Kenya ilipoingiza chanjo ya kukinga bakteria aitwaye Hib mwaka 2001, madaftari ya Kilifi yalionyesha katika muda wa miaka mitatu kwamba ugonjwa wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka mitano umeshuka kwa asilimia 88. Na ile ya nimokokasi ilipoingizwa mwaka 2011, aina za vijidudu zilizolengwa na chanjo zikapungua katika damu na uti wa mgongo wa watoto wa umri huo kwa asilimia 92. Waziri wa fedha aulizaye chanjo hizi zinaleta faida gani kwa gharama yake, jibu lake liko humo. Bila ya chupa na daftari tungebaki na wodi iliyopungua msongamano na kila mtu akijitwalia sifa.

Nageukia upande wa kusikitisha. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, baina ya mwaka 2001 na 2002, watoto waliothibitishwa kuwa na bakteria damuni walikufa asilimia 34.9, ilhali wenye malaria walikufa asilimia 20.2, na mojawapo ya mambo yaliyotangulia kifo ilikuwa kupewa dawa ambayo bakteria wale walikwisha kuizoea. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, na usugu wa dawa haujarudi nyuma. Twautengeneza wenyewe, kwa kuwapa viuavijasumu hata wasiovihitaji. Uchunguzi wa nchi saba juu ya nimonia kali, ambao Kilifi ilikuwa kituo chake kimoja, ulitangaza mwaka 2019 kwamba zaidi ya nusu ya nimonia hizo zilitokana na virusi, kimojawapo kiitwacho RSV peke yake kikichukua karibu theluthi; na virusi haviuawi kwa viuavijasumu kama seftriaksoni. Sembuse kifua kikuu cha watoto, ambao hawajui kukohoa makohozi bali huyameza, na ambao siku hizi twaweza kuwapima kwa kinyesi tu, bila ya kuwatia mpira tumboni. Ni hospitali ngapi zafanya hivyo?

Nitaambiwa kwamba Kilifi ni fedha za wageni. Ni kweli, na aibu iko humo humo: kwamba mtoto wa Mkenya au Mtanzania hupata yakini ya ugonjwa wake ikiwa tu amebahatika kuugua karibu na mradi. Lakini si kila kitu chataka fedha za wageni. Tangu mwaka 2013 hospitali kadhaa za kaunti nchini Kenya zimeungana katika mtandao wa taarifa za watoto waliolazwa, na msingi wake ni karatasi: fomu moja ya kumpokea mtoto, ambayo yamlazimisha tabibu kuandika uzito, kuhesabu pumzi, kusema mtoto anajitambua au la, kupima hewa ya oksijeni, na kutaja kipimo cha malaria kilitoa nini. Nimeona madaftari ya wodi ambayo safu ya uzito ni tupu ukurasa mzima, na dozi zimeandikwa; dozi ya mtoto ambaye uzito wake haujulikani imepimwa kwa mizani gani? Tanzania nayo ina MTUHA yake, mfumo wa taarifa za afya wenye vitabu vizuri vya mistari, na kosa si la vitabu. Kitabu hupokea kila kinachoandikwa ndani yake, iwe malaria iliyoonekana kwa jicho au malaria iliyopendelewa. Mimi ningependa kando ya kila jina la ugonjwa iwepo safu moja: jina hili limethibitishwa au limedhaniwa? Na tabibu anayeandika kwamba hajui asionekane mzembe, bali aheshimiwe kama shahidi mkweli.

Kuna na kizuizi kisichoondoka kwa fedha, nacho ni khofu ya wazazi. Pwani yetu ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, na mama anayeona damu ya mwanawe ikiingizwa katika chupa, naye haambiwi inakwenda wapi, hana kosa akinong'ona na jirani yake wa kitanda cha pili. Wakubwa wa hospitali hupenda kuuita huo ushirikina. Mimi nauita malipo ya ukimya wetu, kwa kuwa damu huchukuliwa leo, majibu hutoka siku ya tatu, huandikwa katika faili, na mama huruhusiwa kurudi nyumbani bila ya mtu kumwambia mwanawe alikuwa na nini.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madiwani na wabunge, ambao kila mwaka hupitisha fedha za magari, za semina na za majengo yatakayozinduliwa kwa utepe: hospitali ya mkoa isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka iwe na maabara ya kuotesha vijidudu inayofanya kazi usiku na siku za Jumapili, yenye chupa za watoto na fundi aliyeajiriwa kwa kudumu, na taarifa yake ya kila mwezi isomwe na matabibu wa wodi kabla ya kupelekwa juu. Na kwako wewe mzazi, siku utakapokuwa umekaa ukingoni mwa kitanda kile, Mungu akuepushie, muulize anayekuja na sindano, kwa adabu na bila ya woga: damu ya mwanangu imechukuliwa kabla ya dawa hii, na majibu yake yatatoka lini? Una haki ya kujibiwa yote mawili.